Ufa Chini ya Jamvi la Karanga

Majengo, Dodoma
16 Februari 2025

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Mzee Abdulrahim,

Assalaam aleykum. Shikamoo Mjomba. Shikamoo na Mama Mwanaidi, mpe mikono yangu yote miwili, maana najua ndiye atakayekwenda kuichukua barua hii kwa kondakta wa basi. Mimi ni mzima. Kile kifua cha mwezi uliopita kimekwisha. Nilikunywa asali yenu na tangawizi, nikapona kabla sijafika hospitali. Ninyi huko Kolo mnaendeleaje? Kondakta ananiambia mvua imekata tena na mahindi yamejikunja. Mungu atuangalie.

Sokoni biashara ni ya kusukuma. Mtama niliouleta kutoka Haneti umekaa wiki mbili, wanunuzi wanapita, wanauchota kiganjani, wanaupuliza, wanaurudisha. Lakini silalamiki. Leo nimekaa kwenye kigoda changu nikakumbuka kwamba ni miaka kumi na mmoja sasa tangu uniambie, "Chukua chumba cha mbele, ukae bure, uniangalizie nyumba." Wenzangu wa sokoni hawaamini kuwa mtu anaweza kuishi Majengo bila kulipa kodi. Ahsante Mjomba. Najua utasema Kuluthumu ameanza tena na ahsante zake. Acha niseme, ulimi ni wangu.

Habari za nyumba. Yule mwalimu wa chumba cha nyuma amehamishiwa kituo kingine, ameondoka Jumatano, ameacha chumba kisafi. Kwa hiyo kiko wazi. Wambura na mkewe wapo chumba cha kati, hawana maneno, watoto wao tu ndio wanaopiga mpira kwenye mlango wangu.

Sasa jambo lenyewe, na naliandika kama ulivyonifundisha, kwamba lisiloandikwa halikusemwa. Mfuniko wa shimo la choo pale uani, ule wa zege chini ya kamba ya nguo, una ufa. Si wa kukwaruza, Mjomba. Kidole changu cha shahada kinaingia chote. Mvua za Januari zimekula udongo wa pembeni, na upande wa ukutani nondo zinaonekana, kutu tupu. Nilimwita fundi Bartolomayo auangalie. Akagonga kwa nyundo mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Dada, huu hauna siku nyingi. Tuuvunje, tumimine mwingine." Nikamwambia nyumba ina mwenyewe. Watoto wa Wambura nimewakataza kabisa kukanyaga pale. Naomba ruhusa yako tu. Kazi yenyewe ni ya siku mbili.

Nasubiri neno lako.

Mwanao wa kulea,
Kuluthumu


Kolo, Kondoa
9 Machi 2025

Kwa mpwa wangu Kuluthumu,

Waaleykum salaam. Marahaba. Na marahaba nyingine kwa niaba ya mama yako Mwanaidi, ambaye anasema mikono yako miwili ameipata lakini angefurahi zaidi kama ingekuwa imeshika kanga. Sisi ni wazima na tumefunga. Masikio yangu ni yale yale. Juzi mwadhini ameadhini magharibi, watu wamefuturu, mimi nimekaa na tende mkononi nasubiri, mpaka mama yako akanipiga kofi la bega. Simu nimemwachia yeye. Nikiishika mimi nasikia nyuki tu.

Barua yako nimeipokea na kuiweka kwenye jalada lako. Miaka thelathini na miwili nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo na hakuna karatasi iliyopotea mezani kwangu. Hata barua zako za utotoni ninazo, ile ya kuomba daftari la hesabu hali tunakaa nyumba moja na wewe umekaa mlangoni unanitazama nikiisoma.

Nafurahi kifua kimepona. Nafurahi pia kwamba unakumbuka wema, kwa kuwa siku hizi watu wanasahau kabla sahani haijaoshwa.

Chumba usikiache wazi. Tafuta mtumishi wa ofisi, hao wanatoka asubuhi wanarudi jioni wamechoka, hawana kelele. Na kuhusu mafundi wa mjini kwa jumla: nyumba ile niliijenga mwaka 1994, likizo baada ya likizo, mchanga nikichekecha mwenyewe na zege nikilimimina kwa mikono hii. Fundi wa leo ukimwachia jiwe moja atataka kugusa nyumba nzima. Tuwe na subira, tupo kwenye mfungo.

Nakutumia debe la karanga na asali kidogo. Karanga hazijakauka sawasawa, zianike kwanza.

Mjomba wako,
Abdulrahim


Majengo, Dodoma
14 Aprili 2025

Kwa Mjomba wangu Abdulrahim,

Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama Mwanaidi. Natumaini Idi imewakuta salama. Karanga na asali vilifika, ahsanteni sana. Kanga ya Mama ipo kwenye furushi hili, ni ya rangi ya zambarau, asiseme simpendi.

Mjomba, nilifanya ulivyosema. Chumba nilikipangisha tarehe 20 Machi. Aliyekichukua ni dada mmoja anaitwa Bupe, mtu wa Tukuyu, anafanya kazi masijala katika ofisi moja ya serikali. Kazi yake ni kutunza majalada, mngeelewana. Hana makuu. Kila Jumapili akitoka kanisani ananiletea andazi moja limefungwa kwenye karatasi.

Juzi Jumamosi alfajiri palikuwa na wingu, nikaondoa jamvi langu la karanga uani. Saa tatu jua likatoka, Bupe akatoka kuanika mashuka. Mimi nilikuwa chumbani najifunga kilemba niende sokoni. Nikasikia kitu kimekatika, hata hakikuwa kishindo, kama mtu amevunja muwa kwa goti. Halafu akaniita. Hakupiga kelele, Mjomba. Aliita tu, "Dada Kulu." Nilipotoka shuka lilikuwa linaning'inia, na Bupe amezama hadi kiunoni, ameshika kamba ya nguo kwa mikono yote miwili. Ule mfuniko umekatika pale pale kwenye ufa. Wambura alikuja mbio akamshika kwapani akamtoa. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea mahali ambapo mguu hauelekei.

Tulimpeleka hospitali na bajaji, mimi nimeushika mguu wake kwenye mapaja yangu, na kila tuta yeye ndiye ananiambia mimi pole. Umevunjika mara mbili chini ya goti. Wamemfanyia upasuaji, wamemtia chuma. Yu hai, alhamdulillahi, maana lile shimo ni futi kumi na mbili na kamba ilikuwa kamba tu. Lakini daktari amesema ni miezi, wala tusidanganyane na wiki. Na kazi yake ni ya kusimama na kupanda ngazi za makabati siku nzima. Anaogopa watampa mtu mwingine nafasi yake.

Ana mdogo wake, Ebenezer, anasoma sheria chuo kikuu huko Chimwaga. Amekuja hapa na daftari. Swali lake ni moja tu: mwenye nyumba alijua? Anasema kama alijua akakaa kimya, anawajibika. Nimemwambia nitakuandikia.

Nakuandikia. Naomba jibu, na ukiweza, njoo.

Kuluthumu


Kolo, Kondoa
27 Aprili 2025

Kwa mpwa wangu Kuluthumu,

Marahaba. Kanga ameipata, ameivaa siku hiyo hiyo, na ameivaa tena jana. Idi yetu ilikuwa njema. Tulichinja, jirani zetu wote walikula, na yule mjukuu wa jirani Khamisi aliyekuwa haongei sasa anaongea mpaka tunatamani anyamaze. Mahindi hayakufufuka, ila uwele unaonyesha dalili. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Njia ya kwenda kisimani imekatika, watu wanazungukia kilimani.

Nimesikitika sana kuhusu huyo dada. Mpe pole yangu. Nimemtumia asali lita tano na kuku wawili, wapo kwenye tenga, mwambie kondakta asiwaweke kwenye buti.

Sasa tuongee kisheria. Mkataba wa upangaji niliuandika mwenyewe, na kifungu cha saba kinasema mpangaji atatunza usalama wake na wa mali zake. Shimo ni shimo. Mtu mzima anajua anakoweka mguu. Na huyo mwanafunzi mwambie kwamba kuna watu walikuwa wanaandika mashauri kabla baba yake hajaoa.

Kuhusu hilo swali lake. Nimejaribu kukumbuka. Barua yako ya Februari, ninavyoikumbuka mimi, ilikuwa barua ya salamu. Ulinijulia hali, ukanishukuru, ukanieleza habari za mtama. Ukiulizwa, sema hivyo. Huo si uongo, Kuluthumu. Walioiona barua ile ni wewe na mimi.

Nyumba ile ndiyo uzee wangu na wa mama yako. Na ndiyo paa lako wewe. Nilikuchukua ukiwa na miaka saba, siku ya tatu ya matanga ya marehemu mama yako, umeshika kata yake ya maji na hutaki mtu aiguse. Sikukumbushi ili unilipe. Nakukumbusha tu.

Mjomba wako,
Abdulrahim


Majengo, Dodoma
18 Mei 2025

Kwa Mjomba wangu Abdulrahim,

Shikamoo Mjomba. Shikamoo Mama Mwanaidi, na wale mapacha wa mbuzi nao wapewe salamu zao. Kuku walifika hai, mmoja ametaga ndani ya basi, kondakta amekula yai. Bupe anashukuru sana kwa asali. Ametoka hospitali, yuko chumbani kwake, mguu kwenye mto, na Ebenezer analala sakafuni kumhudumia.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikaisoma tena. Wiki tatu nimekaa nayo. Nilitaka nianze kwa hasira, nikashindwa, kwa sababu kila nikishika kalamu naona ni wewe uliyenifundisha kuishika.

Kwa hiyo nianze na ahsante, na safari hii usinicheke. Ahsante kwa kunichukua siku ile ya tatu. Ahsante hukuninyang'anya ile kata. Ulinichotea maji kwayo, ukaniambia niinywee mimi peke yangu. Ahsante kwamba jirani walipokuambia mtoto wa kike atakula tu, uliwaambia ale. Ulinisomesha. Ulinifanya nikuandikie barua kila Ijumaa, na nisipoandika tarehe unanirudishia. Siku moja nilikuandikia kwamba kikombe kimevunjwa na paka. Ulinijibu kwa maandishi, "Barua imepokelewa. Paka amehojiwa, amekana." Nililia mpaka nikakiri. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi tena kuandika uongo kwenye karatasi.

Sasa unataka nianzie hapa?

Hapana Mjomba. Barua yangu haikuwa ya salamu. Ilikuwa na salamu juu na ufa chini, na wewe unajua. Ebenezer ameniuliza kama niliipiga picha kabla sijaituma. Nikamwambia, nani anapiga picha barua ya mjomba wake? Jibu lako la Machi ninalo, linasema umeipokea, lakini halisemi ndani mlikuwa na nini. Sijamwonyesha. Sitamwonyesha. Sitaki iwe mimi niliyekutoa jasho mbele ya watu. Lakini nikiulizwa nitasema nilichoandika, hata kama hakuna atakayeniamini.

Na kuna langu. Usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu yako. Siku Bupe alipokuja kuangalia chumba, niliogopa. Chumba kilikuwa wazi mwezi mzima na wewe umesema kisikae wazi. Nikachukua jamvi, nikalitandika juu ya mfuniko, nikamwaga karanga zako juu yake. Ufa ukafunikwa. Bupe akasimama pale pale ukingoni, akaniambia una karanga nzuri, nikampa konzi moja akala. Akahamia. Siku zote zile karanga zilikuwa zimekauka kitambo na mimi naendelea kuzianika. Halafu Jumamosi ile nikaliondoa jamvi karanga zisilowe, nikaenda ndani kufunga kilemba. Watoto wa Wambura niliwaonya. Bupe sikumwonya, kwa kuwa kumwonya kungekuwa kukiri.

Hilo sijamwambia mtu. Nimekuandikia wewe kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa ametuita ofisini kwake Jumamosi, tarehe 21 Juni, pande zote mbili. Yakishindikana hapo, Ebenezer ataenda mbele. Bupe mwenyewe hataki kesi. Nilimuuliza anataka nini. Akasema, "Dada, nataka kujua tu kama nilianguka kwa bahati mbaya au kuna mtu aliniacha nianguke."

Mpwa wako anayekupenda,
Kuluthumu


Majengo, Dodoma
11 Juni 2025

Mjomba,

Hujajibu. Kondakta anasema barua alimkabidhi Mama Mwanaidi mkononi. Idi Kubwa imepita na hukuniletea hata salamu, na wewe hujawahi kuruka Idi.

Siku kumi zimebaki.

Kuluthumu


Kolo, Kondoa
17 Juni 2025

Kuluthumu,

Leo salamu nimeziweka mwisho. Mama yako ameshangaa, anasema barua inaanza kama hati ya mashtaka. Basi na iwe hivyo.

Nilijua.

Barua yako ya tarehe 16 Februari nimeifunga pamoja na hii. Ni ile yenyewe, si nakala. Tazama pembezoni, kwa wino mwekundu, mwandiko wangu: "Imepokelewa 19/2/2025. Isubiri." Niliisoma mara mbili siku ile. Sikusahau hata neno. Nondo, kutu, kidole cha shahada, fundi na nyundo yake, vyote. Kisha nikaifunga kwenye jalada kwa kamba, nikaona nimefanya kazi. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya mezani kwangu miaka yote. Karatasi ikishaandikwa tarehe na kuwekwa mahali pake, moyo wangu unatulia kana kwamba jambo limekwisha.

Unauliza kwa nini nilikataa fundi. Hukuuliza, lakini nakujibu. Mfuniko ule niliumimina siku mama yako marehemu alipokuja Dodoma kuniona. Yeye ndiye aliyenichotea maji ya kuchanganyia zege, kwa kata ile ile. Sikutaka Bartolomayo aupige nyundo. Sasa angalia, mtoto wa watu ameuvunja kwa mguu wake, na mfupa umevunjika pamoja nao. Marehemu asingenisamehe, angenitukana Kirangi mpaka jirani wafunge madirisha.

Nilipofika kwenye jamvi katika barua yako, niliinuka nikatoka nje. Siku nne sikula vizuri. Nimeona kwamba karanga ni zangu, neno la kutoacha chumba wazi ni langu, na jamvi umelitandika wewe kwa sababu mimi nilinyamaza. Langu ni kubwa kuliko lako. Lakini lako nalo liseme, tena useme mwenyewe. Usingoje mimi nikusemee.

Mpe mwenyekiti barua yako na hii yangu. Mimi, Abdulrahim, mwenye nyumba, nilijulishwa hatari tarehe 19 Februari na sikuchukua hatua. Kifungu cha saba nakifuta, nilikiandika kujikinga. Kodi ya nyumba nzima iende kwenye matibabu ya Bupe mpaka atembee bila gongo. Chumba chake akae bila kulipa, na kama atapungukiwa mshahara kwa ajili ya mguu huu, aandike, nami nitauza mbuzi. Bartolomayo avunje, amimine upya, wiki hii, na kamba ya nguo ihamishwe.

Ningeweza kuja. Nimejipa visingizio, kwamba baraza litaongea na mimi sitasikia, kwamba magoti yanauma. Ukweli ni aibu. Hilo nalo lisomeni.

Ahsante, Kuluthumu. Ulinikatalia kwa adabu, na hukuionyesha barua yangu ya Machi ilhali ulikuwa nayo. Mtu akilea mtoto hajui analea nini. Mimi nimejua uzeeni.

Sasa salamu. Marahaba. Sisi ni wazima. Mapacha wa mbuzi wanaruka.

Abdulrahim


Majengo, Dodoma
23 Juni 2025

Kwa Mjomba wangu Abdulrahim,

Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mwanaidi, na leo naandika nikiwa nimekaa uani, nimeegemea ukuta, mbele yangu kuna zege bichi na Bartolomayo amelifunika magunia mabichi. Analimwagia maji kila asubuhi kama mchicha.

Jumamosi tulikuwa kwa mwenyekiti saa nne. Bupe kaja na magongo yake, Ebenezer kavaa shati la mikono mirefu, daftari limejaa. Akaanza kusema. Kasema vizuri, Mjomba, ungempenda, hata kama ungebisha. Alipofika pale pa "hatuna uthibitisho, lakini," nikanyanyua mkono nikampa mwenyekiti bahasha.

Mwenyekiti ni mtu wa utaratibu. Akavaa miwani akaisoma barua yangu kwa sauti, kuanzia juu. Yaani kuanzia shikamoo! Akasoma mikono yangu miwili, akasoma kifua changu, asali na tangawizi, akasoma mtama wa Haneti, watu wameanza kucheka chini chini na mimi natamani ardhi ipasuke. Akasoma ulimi ni wangu. Halafu akafika kwenye ufa. Hakuna aliyecheka tena. Aliposoma "dada, huu hauna siku nyingi," Bupe akafumba macho.

Kisha akasoma yako, yote, mpaka aibu.

Bupe akaomba aishike ile ya kwanza. Akaiweka kwenye mapaja, akayatazama yale maandishi mekundu muda mrefu. Mara akacheka. Toka Aprili sijamsikia akicheka. Akasema, "Isubiri! Jamani, mimi neno hili nimeliandika kwenye majalada ya watu mara ngapi? Wajane, wastaafu. Nalifunga, naweka rafuni, naenda kunywa chai." Akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipoisha. Ebenezer akalifunga daftari.

Hapo nikasimama nikaeleza mwenyewe lile la jamvi, ambalo barua yako ililigusa tu bila wao kulielewa. Kwa hilo hakucheka, Mjomba. Akasema, "Dada Kulu, zile karanga nilizila." Kisha akasema, "Ungeniambia, ningepanga hivyo hivyo. Ningeanika kwingine." Ndilo alilosema, na ndilo lililoniumiza kuliko kama angenipiga gongo. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akasema amesikia.

Tumeandikiana, pande zote zimesaini, na Bupe amesema kesi haipo. Barua yangu ameomba abaki nayo. Nimemwachia, ni haki yake.

Siku ile hakuniita tena. Jana Jumapili alichelewa kurudi kanisani, njia ya magongo ni ndefu. Nikasikia linagongwa dirisha langu. Alikuwa na andazi. Nusu andazi, lakini. Akasema nusu nyingine itakuja mguu ukipona. Nimelila nikilia, Mjomba, limeingia chumvi.

Ahsante kwa ile bahasha. Nilijua kwamba barua yangu unayo. Sikujua kama utaitoa.

Mpwa wako,
Kuluthumu


Kolo, Kondoa
12 Oktoba 2025

Kwa mpwa wangu Kuluthumu,

Waaleykum salaam na marahaba. Mama yako mzima, mbuzi wazima, masikio yangu yale yale. Uwele ulitupa magunia manne. Nimefurahi kusikia kwamba Bupe amerudi kazini, amepewa kazi ya mezani kwanza, na magongo mawili yamekuwa moja. Mungu amlipe daktari wake, na Mungu amlipe Wambura kwa kwapa zile alizozishika.

Bahasha ya Bupe imefika Ijumaa. Nilidhani ni madai, nikaifungua kwa kisu polepole. Kumbe amenirudishia barua yako ya Februari. Ameniandikia kwamba jalada ni langu na halifai kuwa na pengo. Ushahidi wote dhidi yangu ulikuwa mikononi mwake, naye ameutia stempu akaupeleka posta. Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na miwili na sijaona mtu akifanya hivyo.

Nikaikunjua niirudishe mahali pake. Chini ya maandishi yangu mekundu ameongeza yake, kwa wino wa bluu, mwandiko wa masijala ulionyooka: "Imefanyiwa kazi. Jalada lisifungwe, mguu bado."

Nilimwita mama yako ayasome kwa sauti, nikaweka sikio karibu na mdomo wake, nikamwambia arudie. Akarudia mara tatu. Kisha akanipangusa uso kwa pindo la kanga ile ya zambarau.

Sijalifunga. Kamba nimeitupa. Jalada lako liko wazi hapa mezani na shati langu jeupe limepigwa pasi. Alhamisi napanda basi la asubuhi. Mwambie Bupe kwamba mzee anakuja, haogopi tena aibu, ila asimnong'oneze, aseme kwa nguvu. Nataka kumwomba radhi, kumshukuru na kumsalimia, kwa mpangilio atakaoutaka yeye.

Mjomba wako,
Abdulrahim